White Sox: uwanja nyota nne, uongozi sina nyota ya kuwapa

Nipo Chicago tangu 2010 na timu yangu ya besiboli ni White Sox. Sikuichagua. Chumba cha kwanza nilichopanga kilikuwa upande wa kusini wa jiji, na kule ukipita na kofia ya Cubs, watani wetu wa upande wa kaskazini, unatazamwa kama mtu aliyeingia tawi la Simba na jezi ya kijani. Mwanzoni besiboli ilinishinda: mmoja anarusha, mwenye gongo anakosa, wengine wote wanatema mate. Baadaye ikaniingia kama bao. Ni mchezo wa kukaa, kusubiri na kubishana.

Sasa niseme kuhusu uongozi, maana wachezaji nimeshawasamehe.

Msimu wa 2024 tulipoteza mechi 121 kati ya 162. Tangu 1900 hakuna timu ya ligi kuu ya Marekani iliyowahi kupoteza nyingi hivyo. Mets ya 1962, iliyokuwa ikichekwa miaka yote, iliishia 120. Katikati ya msimu tulipigwa 21 mfululizo. Ishirini na moja! Kariakoo kocha akitoa sare mbili tu, watu wanaanza kumchangia nauli. Wetu, Pedro Grifol, alitimuliwa siku mbili baada ya mkosi huo kukatika kule Oakland, mwezi Agosti.

Lakini Grifol tulimkuta tu kwenye msiba. Mwenye nyumba ni Jerry Reinsdorf, anayeongoza wamiliki tangu 1981, na tabia yake ni moja: haajiri mtu asiyemjua. Mwishoni mwa 2020 tulikuwa na kikosi cha vijana kinachopanda. Akamleta Tony La Russa, umri miaka 76, aliyekuwa hajafundisha timu tangu 2011. Sababu? Klabu ilimfukuza La Russa 1986 na Reinsdorf amekuwa akijuta tangu hapo. Kwa hiyo vijana wetu walitumika kulipia deni la moyo la watu wawili. 2021 tuliongoza kundi, sikatai. 2022 tukashinda 81 tukapoteza 81. 2023 tukapoteza 101.

Usajili ndiyo usiseme. Mwishoni mwa 2018 tulikuwa tunamtaka mchezaji nyota, Manny Machado. Uongozi ukamchukua shemeji yake, Yonder Alonso, kisha ukamchukua na rafiki yake, Jon Jay, kama mshenga aliyezunguka kwa ndugu wote wa bibi harusi akasahau mahari nyumbani. San Diego wakaweka dola milioni 300 mezani, Machado akaenda zake. Shemeji tukabaki naye sisi. Mpaka leo mkataba mkubwa kuliko yote katika historia ya klabu ni wa Andrew Benintendi, dola milioni 75 kwa miaka 5, katika jiji la tatu kwa ukubwa Marekani.

Agosti 2023 Reinsdorf alipowaondoa wakuu wa usajili, Kenny Williams na Rick Hahn, nilidhani tumepona. Siku 9 baadaye cheo akapewa Chris Getz, aliyekuwa humo humo ofisini.

Mtu wa soka ataniuliza, kwani hamshuki daraja? Huku hakuna kushuka. Timu ikishika mkia, mwakani inaanza ligi ile ile. Tena kwa kawaida timu mbovu hupewa nafasi nzuri ya kuchagua vijana wapya, ila timu za masoko makubwa haziruhusiwi kuingia bahati nasibu ya nafasi za juu miaka miwili mfululizo. Basi baada ya mechi zile 121, mwaka 2025 tulichagua wa 10. Hata kufungwa hatukujua kufaidika nako.

Usiku ambao sitausahau ni Septemba 24, 2024. Tulikuwa tumeshapoteza 120, Angels wamekuja kwetu, na watu tumejaa kuja kuona historia. Tuko nyuma 2–0, uwanja umechangamka kwa namna ya ajabu. Mzunguko wa nane timu ikaamka, ikapata pointi 3, na baadhi ya mashabiki wake wakazomea. Jirani yangu, baba mtu mzima, alishika kichwa akasema hawa hata kuharibu hawawezi kuharibu kwa wakati. White Sox wakashinda mechi zote 3 dhidi ya Angels, wakaenda kuvunja rekodi Detroit.

2025 tulipoteza 102. Yaani tumepata nafuu. Na msituambie tuongeze sala: Papa Leo XIV ni wetu, na alikuwa uwanjani 2005 kwenye mechi ya kwanza ya fainali, mwaka tuliochukua ubingwa.

Juni 2025 ilitangazwa kwamba tajiri Justin Ishbia anaweza kuichukua timu: kati ya 2029 na 2033 mzee akipenda kuuza, au baada ya msimu wa 2034 Ishbia akiamua kununua. Binti yangu yuko darasa la pili. Piga hesabu.

Ukifika Chicago, nenda tu. Panda treni ya mstari mwekundu, shuka 35th, uwanja uko mbele yako. Chukua soseji ya Kipolandi na vitunguu vya kukaanga, kaa viti vya juu. Wakianza kuimba, usiogope lugha. Kwa Kiswahili wimbo wote ni maneno mawili: uza timu.