Gari la kulala hadi Ziwa Jipe pamoja na wazee na watoto: uzoefu wangu

Jamaa zetu wa Mombasa walipokubaliana kwenda kupiga kambi Ziwa Jipe, mpakani mwa Kenya na Tanzania, mwishoni mwa juma, kazi ya kutafuta gari niliachiwa mimi. Nilikodi kwa kampuni moja ya hapa mjini Landkruza yenye mahema mawili juu ya paa, jiko la gesi linalovutwa kutoka mlango wa nyuma, friji ndogo na tangi la maji. Tangazo lilisema linalaza watu wanne, nasi tulikuwa zaidi ya hao, kwa hiyo ami alitufuata na gari lake. Naandika kwa ajili ya wanaotaka kukodi gari la namna hii wakiwa na wazee na watoto, kwa sababu matangazo ninayoyaona huwaonyesha vijana wawili na vikombe vyao vya kahawa, wala hakuna nyanya hata mmoja.

Kutoka Mombasa hadi Voi, takriban kilomita 160, ni njia ya malori, na gari lililobeba mahema juu huyumba kila lori refu linapolipita, hivyo ni vyema dereva asiwe na haraka. Tulipumzika Mackinnon Road, penye msikiti na kaburi la Seyyid Baghali kando ya reli, wazee wakaswali na kuomba dua ya safari. Baada ya Voi ni lami tupu hadi Taveta, na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, siku ya soko, tulinunua ndizi zile zile ambazo kwetu, soko la Kongowea, hutufikia zikiwa zimepanda bei, pamoja na perege wa kuweka kwenye friji. Kuelekea ziwani lami inakwisha na vumbi linaanza. Hapo ndipo nilipoona kazi ya komeo za droo za jikoni: gari lilitikisika mpaka tukanyamaza sote, lakini hakuna sahani iliyovunjika.

Jiko hilo ndilo lililonifanya nisijute fedha zangu. Kila kitu kina mahali pake, bomba la maji liko karibu na mkono, na meza ya kukunjua inatosha watu wawili kukatakata vitunguu bila kugongana viwiko. Shangazi, ambaye hapendi kupikia mahali asipopazoea, alilikagua kimya kisha akasema, “Mwanangu, jiko hili lina adabu kuliko langu.” Kasoro yake ni upepo wa jioni kutoka ziwani, ambao ulikuwa ukizima moto kila mara, na gari halikuwa na kikinga upepo cha aina yoyote. Shangazi alisimamisha sinia la kupakulia pilau upande wa ziwani, akaliegemeza kwenye mtungi wa maji, na pilau ikaiva.

Friji inahitaji maelezo ambayo kampuni haikutupa. Inatumia betri ya pili, na betri hiyo huchajiwa injini inapozunguka. Gari likikaa limeegeshwa kwenye joto kutwa nzima, friji hujizima yenyewe ili betri isiishe kabisa. Ilijizima mchana, perege wakiwa ndani. Tulipotoka kuzunguka mbugani kutazama ndovu ikawaka tena, kwa hiyo anayekusudia kukaa kambini bila kusogea aulize mapema kama gari lina paneli ya sola.

Sasa mahema. Watoto waliyapenda kupita kiasi, na magodoro yake si mabaya. Tatizo ni ngazi. Ziwa Jipe lina mamba na viboko, na viboko hutoka majini usiku kuja kula majani nchi kavu, hata karibu na kambi, kwa hiyo kushuka gizani kwenda chooni si jambo la kujaribu. Kijana atavumilia hadi alfajiri, lakini mtoto wa miaka minne hatavumilia, na mzee mwenye magoti mabovu hawezi hata kupanda. Mtoto tulimwekea ndoo yenye kifuniko hemani. Nyanya tulimlipia banda la KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, lililopo hapo hapo ziwani, lenye kitanda cha kawaida, na asubuhi yeye ndiye aliyekuwa mchangamfu kuliko sote, akiitazama milima ya Upare ng’ambo ya maji, upande wa Tanzania. Kwa familia kama yetu ningekodi gari la hema moja, na fedha zinazobaki nilipie mabanda ya wazee.

Ada za kuingia mbugani, kwa kuwa kambi ya Jipe imo ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, wala si kwa taslimu. Zilipieni mkiwa bado nyumbani.

Tuliporudisha gari, kampuni ilitaka kukata sehemu ya amana yetu kwa sababu ya mikwaruzo ya miiba ubavuni. Binamu yangu alikuwa amelipiga picha gari pande zote siku tulipolichukua, na mikwaruzo mingi ilionekana humo. Amana ilirudi yote, ingawa baada ya simu nyingi, na fomu yao ya makabidhiano bado haina nafasi ya kuandika hali ya rangi ya gari.