Kili Marathon, kilomita 42: Mweka inataka miguu ya baiskeli

Mtu wa Dar akisema anataka kukimbia kilomita 42 kwa mara ya kwanza, wengi watamshauri atafute njia tambarare. Mimi namwambia aende Moshi. Nilianza Kilimanjaro Marathon kwa kilomita 5, nikasogea hadi nusu, na mwaka huu nimemaliza njia nzima. Sijaona mbio nyingine hapa nchini ninazolipia kiingilio kwa moyo mkunjufu namna hii. Sharti langu ni kwamba ajiandae kwa njia ya Moshi yenyewe, mlima wake wa Mweka na mteremko wake. Kwa sisi tunaoishi usawa wa bahari, maandalizi hayo nimeyapata kwenye baiskeli zaidi ya nilivyoyapata kwenye raba.

Naishi Ukonga, nafundisha Baiolojia sekondari, na nina watoto wawili wanaotakiwa kuwa wamekunywa chai kabla ya saa 12 na nusu asubuhi. Kwa hiyo nayasema haya kama mtu wa mazoezi ya alfajiri na siku za mapumziko, asiye na kocha. Wanariadha wa Arusha, Manyara na Singida wana milima nje ya mlango wao na hawahitaji ushauri wangu.

Mbio hizi zilianza mwaka 2003, na hufanyika kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, masika yakiwa bado hayajashika. Zinaanzia na kuishia Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Namba za kifuani unaweza kuchukua Dar, Arusha au Moshi. Chukua Dar kama unaishi Dar, ili ukishuka kwenye basi Moshi usiwe na kazi nyingine zaidi ya kula na kulala. Jisajili mapema, maana nafasi zina kikomo na watu hawachezi.

Njia ya 42 ina sura mbili. Nusu ya kwanza inakutoa mjini na kukupeleka kwenye barabara kuu ya kuelekea Dar es Salaam. Unakwenda kilomita kadhaa kwenye lami iliyonyooka, unageuka, unarudi. Kupambazuka kunakukuta humo, na kama mawingu hayajawahi, mlima wote uko wazi, Kibo na theluji yake, Mawenzi pembeni. Hapo ndipo watu wanapomaliza nguvu zao. Hewa bado ina ubaridi, njia haikupingi, kundi linakuvuta, na kila anayekupita unatamani kumfuata. Usimfuate. Mimi niliweka mwendo wa dakika 6 na sekunde 20 kwa kilomita na nikaushikilia hata mama mmoja mtu mzima aliponipita akiwa anaongea na mwenzake. Kwa kusema kweli sehemu hii ya barabara kuu siipendi. Ni ndefu kwa macho, na wakati wa kurudi jua linaanza kuchoma shingo. Lakini naikubali, kwa sababu inakupa nafasi ya kutunza nguvu.

Sura ya pili ni Mweka. Unarudi mjini ukiwa na kilomita ishirini hivi miguuni, unaukata mji, halafu barabara inaanza kupanda kuelekea vijiji vya mlimani, upande kilipo Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori cha Mweka, kile cha tangu mwaka 1963. Haipandi kama ukuta. Mgeni akiitazama kwa gari ataona ni barabara ya kawaida tu. Ubaya wake ni kwamba haiishi. Inapanda, inakupa mita chache za kupumua, inapanda tena, na inafanya hivyo mpaka umevuka kilomita ya 30 ndipo ugeuke. Sasa fikiria wakati wenyewe. Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini haumtoshi mkimbiaji wa kawaida kwa kilomita 42. Kwa wengi wetu unaanza kupungua vibaya kwenye kilomita ya 30 au kabla yake. Marathoni nyingine zinakukuta na hali hiyo kwenye tambarare. Hii inakukuta nayo mlimani. Moshi mjini tayari ni zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na wewe unaendelea kupanda. Kwa urefu huo hewa bado haimtishi mtu mzima wa afya, ila mapafu yaliyozoea Ukonga yanajua kwamba hayako nyumbani.

Lakini hii ndiyo sehemu inayonirudisha Moshi. Kadiri unavyopanda ndivyo kivuli kinavyoongezeka, migomba na mikahawa inakaribia barabara, na watu wanatoka majumbani. Hawatoki kutazama tu. Kuna bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya geti lake na ndoo ya maji, anamwagia kila aliyeinamisha kichwa. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniambia, "Pole mwanangu, panda taratibu, huko juu hakuhami." Niliyafuata maneno yake hadi mwisho wa kilima. Na watoto! Tangu mkimbiaji wetu Alphonce Simbu aliposhinda dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, Septemba 2025, akimpita Mjerumani kwenye mstari wa mwisho huku wote wawili wakiandikiwa muda wa saa 2:09:48, watoto wa njia hiyo wanamwita kila mkimbiaji Simbu. Mwanamke wa miaka 41, jasho tupu, anayekwenda polepole kuliko bodaboda iliyoharibika, anaitwa Simbu na mtoto wa darasa la pili anayemaanisha. Ukisikia hivyo hutembei. Vituo vya maji vilikuwepo kila nilipovihitaji, na waliokuwa wakigawa walikuwa wananyoosha mkono mapema ili usisimame.

Sasa baiskeli, maana ndiyo iliyonifanya nipande kilima hicho bila kutembea.

Niliinunua mtumba Buguruni kwa shilingi 280,000. Ni ya mbio, fremu ya chuma, usukani uliopinda, gia 12: mbili mbele, sita nyuma, na vishikizo vya gia viko kwenye bomba la chini la fremu, kwa hiyo kubadilisha gia unaachia mkono mmoja. Ni nzito ukiilinganisha na zile za kaboni wanazopanda vijana wa Masaki, na kwa kazi yangu uzito huo haunisumbui hata kidogo. Ninachotaka ni upinzani kwenye pedali, na huo ninaupata. Fundi wangu hapa Ukonga alinibadilishia friwili, yaani zile gia za gurudumu la nyuma, akaweka ambayo gia yake ya mlimani ina meno 28, akaniambia, "Mwalimu, hii sasa itakupandisha hata Lushoto." Alibadilisha pia cheni, waya za breki na matairi, akaniwekea mapana kidogo kwa ajili ya mchanga wa pembezoni mwa barabara. Ukinunua mtumba, weka akiba ya matengenezo tangu siku ya kwanza: spoku, beringi za krenki na cheni ndivyo vinavyokuwa vimechoka. Fremu ya chuma nzuri haichoki haraka, na ikipasuka inaungwa kwa mchomeleaji yeyote mwenye mkono mzuri.

Dar watu husema haina milima. Waende Pugu. Kutoka Gongo la Mboto barabara inaingia Pugu Kajiungeni, halafu inapanda kuelekea Kisarawe kupitia upande wa msitu. Jumamosi alfajiri naianza hiyo na taa nyekundu nyuma, taa nyeupe mbele na fulana ya reflekta, kwa sababu malori ya mchanga huamka mapema kuliko mimi. Mlimani nakaa kwenye siti, sisimami, naweka gia nzito kidogo na kukanyaga polepole kwa dakika tano, kisha nalegeza, kisha narudia. Mapaja na makalio yanafanya kazi ileile ya kupanda Mweka, moyo unafika pale unapofika ukikimbia mlima, lakini magoti yanapumzika. Ukikimbia, kila hatua inaushukia mguu kwa uzito wa mara 2 hadi 3 ya mwili wako. Kwenye baiskeli uzito huo unabebwa na siti. Ndiyo maana naweza kupanda baiskeli kwa muda wa saa tatu Jumamosi na bado nikakimbia Jumapili.

Jumapili ndiyo siri yenyewe. Mbio ndefu naianza na mapaja ambayo tayari yamechoka na Pugu. Kilomita za kwanza ni ngumu, miguu mizito, pumzi iko sawa lakini mwendo hautaki kuja. Hali hiyo ndiyo niliyoikuta nilipokunja kona ya kuelekea Mweka, na kwa kuwa naijua, haikunitisha. Wenzangu waliofanya mazoezi kwa kukimbia tu kwenye Daraja la Tanzanite na barabara ya Coco Beach, watu wenye kasi kuliko mimi kwa kila kipimo, niliwapita wanatembea wameshika viuno.

Kuna jambo ambalo baiskeli haitoi, na anayetaka kunisikiliza alisikie hili zaidi ya yote. Haikuandai kuteremka. Ukigeuka juu una kama kilomita kumi za mteremko hadi Chuo cha Ushirika, na watu hufurahi kabla ya wakati. Kwenye kuteremka paja halisukumi, linazuia. Msuli unarefuka huku umebeba mzigo, na kazi ya namna hiyo ndiyo inayochana nyuzi ndogondogo za misuli na kukuletea maumivu ya siku mbili baadaye. Baiskeli karibu haina tendo hilo, kwa kuwa pedali unaisukuma tu, na ukiteremka unakaa. Kwa hiyo kila baada ya wiki mbili nilikuwa napanda daladala hadi Kisarawe, nikishuka nakimbia kuteremka hadi Pugu Kajiungeni, hatua fupi, mwili umelala mbele kidogo, bila kujifunga breki kwa kisigino. Mazoezi hayo yalinilinda. Kilomita za mwisho Moshi nilizikimbia haraka kuliko za kupandia, nikaingia uwanjani kwa saa 4 na dakika 38, na kesho yake nilishuka ngazi za gesti bila kushika ukuta.

Juu ya kulala: wiki ya mbio Moshi inajaa, na baadhi ya wenye gesti wanajua hivyo. Mahali nilipofikia bei ilipanda baada ya mimi kufika, na chai ya asubuhi tuliambiwa ipo saa 1, wakati sisi tulitakiwa kuwa kwenye mstari kabla ya hapo. Lipa mapema na upewe risiti. Kifungua kinywa beba mwenyewe. Mimi nilikula viazi vitamu vilivyochemshwa jana yake, ndizi mbivu na chai ya sukari kutoka kwenye chupa, saa mbili kabla ya kuanza. Mtori ni mtamu na Moshi ndiko kwake, lakini uwekee chakula cha mchana baada ya medali. Asubuhi ya mbio si wakati wa kulijaribisha tumbo.

Nani akimbie umbali upi? Kilomita 5 ni sherehe, nenda na watoto, mji mzima uko barabarani. Nusu, yaani 21, inapanda Mweka moja kwa moja kisha inakurudisha kwa mteremko. Kwa mtu wa Dar nadhani ndiyo mbio tamu kuliko zote, mradi asikurupuke kilomita za mwanzo. 42 nampa mwenye mwaka mzima wa mazoezi nyuma yake na angalau miezi minne ya mlima, wa raba au wa pedali. Asiye na baiskeli asione amekosa. Aende Pugu kwa miguu, ila ajue magoti yatamdai zaidi na itambidi apumzike siku nyingi katikati.

Wanawake wenzangu wananiuliza kuhusu usalama wa kupanda baiskeli peke yao. Mimi siendi peke yangu. Tuko kikundi, tunakutana kituo cha mafuta kukiwa bado giza, na wa mwisho haachwi. Maneno ya vijiweni yapo, hasa ukipita mara ya kwanza. Sasa wauza chapati wa Kajiungeni wanatusalimia, na mmoja wao hutuwekea vitumbua vya kurudi navyo.

Mwakani tunakwenda Moshi watatu kutoka kikundini, wote 42. Mmoja ameshabadilisha friwili yake kuwa ya meno 28, na mwingine, anayeogopa baiskeli tangu alipogongwa na bajaji, ameanza kukimbia Pugu siku za Jumatano. Tutaona Mweka nani anamsubiri nani.