Kampa ya kubebesha kwenye pikapu: nilivyokagua kabla ya kutoa hela

Wadau, wengi mmeniuliza kuhusu hii kampa niliyoiweka juu ya pikapu yangu, hasa nyie mlioko huku Marekani majimbo ya Washington na Oregon, kwa hiyo naandika yote mara moja tusije tukarudiana inboksi. Kwa asiyeijua, ni kile kijumba cha kulala kinachokaa ndani ya bodi ya pikapu, kitanda kinapita juu ya kichwa cha dereva, hakina tairi zake, ukifika nyumbani unakinyanyua kwa jeki nne za kwenye kona unasogeza gari mbele na pikapu inabaki pikapu. Mimi kazini naendesha semi, wikiendi sina hamu ya kuvuta tela nyingine, ndo maana nikaipenda.

Niseme mapema kwamba kwenye hizi mambo bei haikuambii chochote kuhusu ujenzi. Nilianzia kwa dila mmoja mkubwa tu upande huu wa Seattle, kampa mpya kabisa, hela yake unanyanyua nyumba Kibaha na chenji inabaki, ndani inang'aa, TV, taa za bluu chini ya makabati, feni ya dari inawashwa kwa rimoti. Mama watoto alishaanza kupanga mito. Nikamwomba yule kijana wa mauzo ngazi nipande nione paa, akaniangalia kana kwamba nimemwomba figo.

Wakati ngazi inatafutwa nikaanza na jikoni. Nikavuta droo ya chini kabisa mpaka ikatoka yote, nikaingiza mkono na simu nikapiga video kule nyuma ambako jicho halifiki. Pampu ya maji imezungukwa na vumbi la mbao na vipande vya waya, skrubu zimetokeza hewani upande wa pili kwa sababu aliyezipiga aliikosa fremu na hakujali, droo yenyewe imeshikwa na pini za stepla na gundi basi, halafu kuna nyaya za umeme zimepita kwenye tundu la bati lenye makali hazijabanwa popote na hakuna hata kiraba cha kuzikinga. Sasa hiki kitu kitakaa juu ya gari kinatikisika njia nzima, ule waya utasuguka mpaka ubaki uchi, na uko futi mbili tu kutoka kwenye bomba la gesi. Nikamwonyesha kijana video, akasema hiyo ni kawaida zote ziko hivyo, kisha akanionyesha stika ya RVIA pale mlangoni kama ndo jibu.

Kuhusu hiyo stika tuelewane. RVIA ni chama cha watengenezaji wa magari na vijumba vya kulala kama hivi huku Marekani, na stika ina maana aliyeijenga anafuata kanuni za usalama, yaani gesi, umeme, mabomba, njia ya kutokea moto ukiwaka. Ni jambo zuri, usinunue mpya isiyo nayo. Ila haisemi lolote kuhusu droo kung'oka, paa kuvuja au ukuta kudumu miaka kumi, hayo ni ya kwako kuyatafuta.

Tukatoka. Mama watoto alinuna mpaka Tacoma.

Baada ya hapo nikaanza kutafuta za mtumba kwa watu binafsi, na hapo ndo nilijifunza kwamba swali la kwanza ni imejengwa kwa nini, mengine yanafuata. Zile za bei nafuu ni fremu ya mbao na nje kuna bati la alumini lenye mikunjo, watu wanazidharau lakini bati likigongwa unabadilisha kipande na fundi yeyote wa mbao anaiweza, shida ni kwamba maji yakiingia nyuma ya bati huyaoni mpaka mbao imegeuka unga. Zipo za fremu ya alumini ambapo ukuta ni tabaka zilizogandishwa pamoja, faibaglasi nje, plaiwudi nyembamba, foma katikati, ni nyepesi na nzuri kwa macho, lakini maji yakipenya gundi inaachia na ukuta unavimba mapovu, na ukishavimba gharama ya kuurudisha mara nyingi inazidi thamani ya kampa. Siku hizi baadhi wanaweka Azdel, yaani kibao cha plastiki na nyuzi za kioo, badala ya plaiwudi, haina mbao kabisa kwa hiyo haiozi, ukiiona kwenye maelezo ihesabie maksi. Halafu kuna za faibaglasi ya vipande viwili, cha juu na cha chini vimefungwa pamoja katikati kama mashua, hazina maungio kwenye kona wala kwenye paa, Bigfoot na Northern Lite za kule British Columbia ndo zinajulikana sana kwa ujenzi huo. Ni nzito na ni ghali, na sura zake za kizamani kidogo. Mimi nimeishia huko, jina la kampuni nalihifadhi kwa sababu malalamiko pia ninayo na sitaki kesi.

Kikubwa ni maji jamani. Sisi tunaokaa upande huu wa milima ya Cascades mnajua mvua yetu, haipigi kwa hasira ila haikomi, ikianza Oktoba ndo basi. Kampa iliyolala nje huku bila kufunikwa uichukulie imelowa mpaka uthibitishe vinginevyo. Nunua kipima unyevu cha pini mbili, havifiki dola 50, na uende nacho. Namba ikiwa chini ya asilimia 15 kwenye mbao sina wasiwasi, ikifika 20 na kuendelea kuna kitu kinavuja au kilivuja karibuni. Pima maeneo yale yale kila mara: kona za mbele za kitanda chini ya godoro, kuzunguka matundu ya hewa kwenye dari, chini ya madirisha, sakafu ya mlangoni, na ndani ya makabati ya kona ambako nje kuna jeki.

Kulikuwa na moja Puyallup ya ukuta wa kugandishwa, mwenyewe mzee mstaarabu sana, picha zake zote kapiga mchana wa jua kali. Nilipofika nikasimama pembeni kwenye kona ya nyuma nikafunga jicho moja nikautazama ukuta kwa urefu wake, kukawa na kivimbe ukubwa wa sahani chini ya dirisha. Nikagonga kwa kifundo cha kidole kuanzia sehemu ya ukuta isiyo na tatizo, ko ko ko, kufika pale ikawa puf puf, sauti imekufa. Nikaingia ndani nikainua godoro kwenye kona ya kulia, hapo kuna karatasi ya ukutani imebandikwa mpya, rangi imekolea kuliko nyingine, nikachomeka pini za kile kipimo, 31. Nikabonyeza kwa dole gumba na dole likaingia. Mzee akasema haa, hiyo sikuijua, na mimi namwamini kwa kweli, watu wanalala juu ya hizo kona miaka na hawainui godoro.

Na chanzo chake ukipanda juu unakiona, vile vitaa vya rangi ya chungwa kwenye paji la kampa, sili imekauka imepasuka kama kisigino cha kiangazi, kila tone linaloteremka kwenye paa linaingilia hapo. Ndo maana nasema ngazi ni lazima. Paa nyingi ni raba (EPDM) au plastiki laini inayofanana nayo (TPO), na sili yake ni ile ya kujisawazisha yenyewe, Dicor ndo watu wengi wanatumia, inatakiwa ikaguliwe kila mwaka na irudiwe ikianza kupasuka. Ukikuta mtu kapaka silikoni ya dukani juu yake ondoka au punguza bei sana, kwa sababu kwenye silikoni hakuna sili nyingine inayoshika, mpaka uikwangue yote.

Jambo lingine ambalo wengi hawalifanyi ni kumwambia muuzaji aishushe kampa kwenye gari mbele yako. Atalalamika ni kazi, mwambie utasaidia. Mzigo wote ule ukining'inia kwenye jeki nne unaangalia zile kona ambapo jeki zimefungwa kwa bolti, kama kona imeoza utaona bamba la jeki linajivuta, ukuta unajikunja kidogo, sili inafunguka mdomo, wakati mwingine unasikia mbao inalia. Ni kipimo ambacho huwezi kukidanganya kwa rangi mpya. Tena ikiwa juu unapata nafasi ya kuona chini ya sakafu, mahali ambapo hapana mtu anapafuta.

Niliyoichukua niliipata Yakima, ng'ambo ya milima. Kule ni kukavu, kwa hiyo kuoza ni kidogo ila jua linakula raba na sili na mapazia, na kwa faibaglasi jua linaondoa mng'ao tu.  Hii ya kwangu mapazia yana maua ya kahawia ya miaka ile, jiko lina kutu kidogo, friji inanuka, lakini kila kona niliyochoma kipimo ilikuwa chini ya 12, droo zimeunganishwa kwa meno, sio pini, makabati ni mbao kweli, na nilipovuta droo nikakuta nyaya zimebanwa vizuri kila baada ya sentimita kadhaa, mtu aliyekuwa anajali alikuwa kazini siku hiyo. Nikapaka maji ya sabuni kwenye maungio yote ya gesi, hakuna povu. Nikalipa.

Sasa uzito, maana huku ndo watu wanaumia. Uzito mkavu wa kampa, yaani bila maji wala mizigo, mara nyingi haujahesabu eyakondishena, turubai la kivuli, betri za ziada. Maji peke yake ni paundi 8.3 kwa galoni, tenki la galoni 30 ni paundi 250 hujaweka hata sufuria. Fungua mlango wa dereva wa pikapu yako usome ile stika ya njano na nyeupe inayosema watu na mizigo visizidi ngapi, hiyo ndo namba, usimsikilize muuzaji anayesema "hii ni nusu tani itabeba tu". Hiyo nusu tani ni jina la daraja la pikapu tu, sio uzito wenyewe, nyingi zinaruhusiwa kubeba kama paundi 1,500 hadi 2,000, na kampa ya kuta ngumu ikijaa inazivuka hizo bila jasho. Yangu ni ya tani moja na bado niliipeleka kwenye mizani ya CAT pale kituo cha malori, kama ninavyofanya na semi, tenki zimejaa na familia ndani. Ukitoa uzito wa pikapu tupu, kampa na vyote tulivyobeba vilizidi uzito wa kwenye stika ya kampa kwa zaidi ya paundi 700. Iko ndani ya uwezo wa gari lakini ekseli ya nyuma imebakiwa na nafasi ndogo. Angalia pia alama ya kitovu cha uzito ubavuni mwa kampa, ikae mbele ya ekseli ya nyuma au juu yake, ikikaa nyuma yake pua ya gari inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi kwa namna ambayo huipendi kwenye mteremko wa Snoqualmie Pass.

Malalamiko sasa. Usiku wa baridi madirisha yanatoka jasho mpaka linateremka kwenye godoro, inabidi uache tundu la hewa wazi kidogo hata kama kuna barafu nje. Friji ya gesi inataka gari limesimama usawa, ukipaki kwenye mlima haigandishi. Choo mtu mwenye mwili kama wangu anaingia kinyumenyume. Na jeki moja ya umeme imekataa, fundi alitaka hela ya kutisha nikaibadilisha mota mwenyewe.

Ujenzi naipa 9 kwa 10, starehe 6, mama watoto anasema 4 na mapazia yanaondoka. Kipima unyevu ninacho, aliye karibu na Kent akitaka kwenda kukagua aje akichukue, akirudishe na betri.