Darubini ya mtumba inchi 8: kioo safi, stendi ovyo kabisa

Jamani hii stendi ya mbao yacheza kama kitanda cha kamba lakini kioo wallahi kisafi. Hapa Nyali taa ni nyingi mno usijisumbue, siye tuliibeba mpaka Kwale usiku wa Juni hakuna mwezi tukaisaka M83, ile galaksi ya kusini yenye mstari wa nyota katikati na mikono imejizungusha, na ikaonekana! Msitarajie zile rangi za picha za mtandaoni lkn, ni ukungu wa kijivu na kiini kinang'aa basi, ila mwanga wenyewe umesafiri kama miaka milioni 15, na Lacaille, yule Mfaransa mtaalamu wa nyota, aliiona 1752 akiwa Rasi ya Tumaini Jema na kidarubini kidogo saana. Kile kifaa cha kulengea nyota kimekufa, muuzaji kanyamaza tu. Darubini naipa 4 kwa 5, bei piganeni nayo.