Wikendi Edinburgh kwa shoga yangu: inalipa au hailipi?

Haya jamani, habari zenu, karibuni tena. Leo sina blenda mezani wala simu mpya. Leo nachambua mji mzima. Shoga yangu niliyesoma naye sekondari yuko Edinburgh, Uskoti, kwa masomo, na kila tukipigiana simu ni lawama tu: tuko kisiwa kimoja na huji hata kunijulia hali! Basi Novemba nikafunga begi nikaenda. Sasa tuulizane kama kawaida yetu hapa: pesa inakwenda wapi, na unapata nini?

Usafiri niupite haraka. Treni kutoka King's Cross, London, ni kama masaa manne na nusu. Tiketi ikate mapema, maana ya siku ileile inauma. Kaa dirishani upande wa kulia, ukishapita Newcastle reli inafuata bahari. Basi la usiku lipo, nafuu zaidi, ila utashuka shingo imepinda.

Sasa mji wenyewe, na hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu video nyingi zinakuonyesha ngome tu. Huu mji una ghorofa. Sizungumzii nyumba, nazungumzia mji. Ukiangalia simu, mtaa wa George IV Bridge unakatana na mtaa wa Cowgate, njia panda ya kawaida kabisa. Ukifika, njia panda hakuna! Umesimama juu ya daraja, na wala hujui kama ni daraja kwa sababu majengo yamelibana huku na huku, na Cowgate iko kule chini. Simu inakwambia umefika, kumbe mgahawa unaoutafuta uko chini ya nyayo zako. Angalieni hapa, nainamisha kamera... mnawaona wale watu? Mimi naona vichwa na makofia tu. Hiyo ndiyo Cowgate.

Jirani yake, South Bridge, ndilo linalonishangaza zaidi. Lilimalizika 1788, lina matao 19, na unaloweza kuliona ni moja tu, lile linalovuka Cowgate. Mengine yote yamemezwa na majengo. Unapita unaangalia vioo vya maduka, hujui kama unatembea hewani. Ndani ya matao yale mlikuwa na maghala na karakana, baadaye wakaishi humo maskini wa mji, gizani, maji yakiwachuruzikia. Leo wanakutembeza mle kwa tiketi na hadithi za mizimu. Mimi sikuingia. Nimekulia Tanga jamani, hadithi hizo nilikuwa napewa bure.

Chanzo cha yote ni lile jabali. Ngome imekaa juu ya kiini cha volkano iliyozimika zamani sana, na kutoka hapo mgongo mwembamba wa ardhi unateremka mpaka kasri ya Holyrood. Juu ya mgongo ndiyo Royal Mile, mtaa mkuu wa mji wa zamani, na ubavuni vinashuka vichochoro vyenye giza na ngazi. Watu walibanana hapo, pembeni hakuna nafasi, wakajenga kwenda juu. Halafu 1767 ukapitishwa mpango wa kijana aitwaye James Craig, mji mpya ng'ambo ya bonde, mitaa imenyooka, bustani kila baada ya hatua. Wenye pesa wakahama. Ukisimama pale kituoni Waverley, bondeni, huku una mji wa zamani na huku mji mpya, na vyote viwili ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1995.

Kwa hiyo kinachoamua safari yako ni viatu. Mawe ya barabarani yakilowa yanateleza, na yamelowa muda mwingi. Mwavuli acha nyumbani, upepo utaugeuza ndani nje. Koti lenye kofia, basi. Na Desemba kabla ya saa kumi jioni jua limeshazama, jipangeni.

Ngome sasa, najua mnaisubiri. Tiketi ya mtu mzima ni zaidi ya pauni 20. Ndani kuna taji la wafalme wa Uskoti, kuna mzinga Mons Meg wa mwaka 1449, na kuna kanisa dogo la Mtakatifu Margaret la karne ya 12, jengo kongwe kuliko yote mjini. Lile jiwe la kutawazia wafalme msilifuate pale, lilihamishiwa Perth mwaka 2024. Kama unapenda historia ya vita, lipa. Kama una wikendi moja na mfuko mwepesi, mimi nasema pita. Mzinga wa saa saba mchana utausikia bure hata ukiwa Princes Street, wanaupiga kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu chache, tangu 1861. Ulipolia, chai yangu nusu ikamwagika. Mama mmoja pembeni yangu akatupia jicho saa yake, akaendelea na safari.

Na vya bure ni vingi! Makumbusho ya taifa, Chambers Street, hulipi kitu, na yule kondoo Dolly aliyezaliwa 1996, nakala ya kondoo mwingine iliyotengenezwa maabara, yumo, amekaushwa. Mlima Arthur's Seat, mita 251, hauna geti. Bustani za Princes Street pia bure, na humo mna sanamu ya David Livingstone. Watu wa Ujiji na Bagamoyo huyu mnamjua. Niliizunguka yote nikimtafuta Chuma, nikimtafuta Susi, waliobeba maiti yake kwa miguu mpaka pwani. Hawapo.

Lililonigusa zaidi ni matembezi ya chuoni. Mwalimu Nyerere alisoma Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia 1949, akapata shahada yake ya M.A. 1952. Miaka ile Uingereza vyakula vilikuwa bado vya mgao, mgao ulikwisha 1954. Piga picha kijana wa Butiama, baridi hii, na nyama ya kadi. Shoga yangu ana joto la umeme chumbani na bado analalamika kila siku.

Chakula. Haggis ni moyo, maini na mapafu ya kondoo, vinasagwa na oti, mafuta, vitunguu na viungo. Wakenya mtaitambua, ni binamu yake mutura, ile soseji yenu ya utumbo. Wanakula na viazi vya kuponda na tanipu. Waislamu ulizeni kwanza nyama, halafu mchuzi, maana mara nyingi wanatia wiski. Mimi nilikula ya mboga, inapatikana kwa urahisi, na ilikuwa tamu kuliko nilivyoitegemea, pilipili manga inaunguza kidogo kooni.

Malazi ndiyo siri ya bei. Agosti, wakati wa tamasha kubwa la sanaa, vyumba havishikiki, na kuanzia Julai 2026 kuna tozo ya asilimia 5 juu ya malazi ya wageni. Mimi nililala bure kwa shoga yangu, mtaa wa Marchmont, nyumba ya mawe ya zamani, ngazi zimelika katikati kwa nyayo za watu. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilikabidhiwa jioni ileile: pilau la nyumba nzima! Iliki na mdalasini nilibeba mwenyewe. Jirani wa juu akagonga kuuliza kunapikwa nini, akaondoka na sahani.

Kama huna mwenyeji, hesabu yako ni nyingine kabisa, nenda Januari au Februari na uvumilie baridi.

Mwisho, noti. Benki za Uskoti zinachapa noti zake zenyewe. Ni pauni halali, lakini ukirudi London kuna wauza duka watakaozigeuza mara tatu na kukuitia meneja. Zimalizeni Waverley kabla ya kupanda treni. Kwaherini.