Wiki nne za kujitolea kufundisha Kibera, mtaa wa mabanda wa Nairobi: hela yangu ilienda wapi

Wabongo wenzangu naandika hii kwa sababu maoni mengi kuhusu hizi kampuni za kupeleka watu kujitolea yameandikwa na wazungu na wote wanasema watoto wana tabasamu zuri. Sawa, tabasamu wanalo, ila mi kabla sijalipa nilitaka kujua hela inaenda wapi na huko darasani nafundisha nini, hamna aliyesema. Kampuni siitaji jina, sitaki kesi.

Nililipa dola 520 kwa wiki nne, yaani kama milioni moja na laki tatu na ushee za kwetu, na hiyo ndo bei ya "Waafrika Mashariki", mzungu analipa zaidi ya mara mbili. Ndani yake kuna kulala, chakula mara mbili kwa siku, na "mafunzo ya utangulizi" ambayo yalikuwa ni kaka mmoja kunionyesha njia na kuniambia nisitoe simu barabarani. Basi la Dar mpaka Nairobi kupitia Namanga juu yako, kadi ya homa ya manjano juu yako. Visa hatuhitaji, ila msidanganywe kwamba ukijitolea basi si kazi, uhamiaji wa Kenya wanataka uwe na kibali na kampuni yangu haikuligusa hilo kabisa mpaka nilipouliza mwenyewe. Cheti cha polisi pia hawakuniomba. Mtu unaenda kukaa na watoto 41 kutwa nzima hamna hata mmoja kwenye kampuni anayejua wewe ni nani!

Alafu tovuti yao imeandika Kibera kuna watu zaidi ya milioni. Sensa ya Kenya ya 2009 ilikuta 170,070. Hapo ndo ningeshtuka mapema kwamba hawa wanauza huruma, lakini nilishalipa.

Sehemu ya kulala ndo kitu pekee nawapa maua yao. Niliwekwa Makina, humohumo Kibera, kwa bibi mmoja Mnubi, nyumba safi, chapati za moto asubuhi, na Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Huyo bibi ndo aliyenipa utangulizi wa kweli, akanieleza kwamba wazee wao walikuwa askari kutoka Sudan kwenye jeshi la Mwingereza wakakaa hapa palipokuwa msitu, kibra kwa lugha yao ni msitu, na hati ya ardhi jamii yao wamekuja kuipata 2017, ekari 288. Jioni nilikuwa namuuliza mambo mpaka ananiambia mjukuu wangu kalale.

Shule sasa. Ni ile ya binafsi ya bei ya chini, serikali ina shule zake pembezoni kama Olympic na Ayany na elimu ya msingi ni bure tangu 2003, lakini huko kumejaa, kwa hiyo wazazi wengi wanaishia kwenye hizi za mabati. Darasa langu Grade 3, na la pili limetengwa na plaiwudi tu, nikiuliza swali la hesabu jibu linatoka upande wa pili kwa Grade 5. Mvua ikianza juu ya bati basi kipindi kimeisha, mnakaa kimya mnaangaliana. Treni ikipita mi ndo pekee niliyekuwa nageuka. Chaki moja Madam, yaani mwalimu mkuu, alikuwa anaikata vipande vitatu kwa kucha, anatugawia walimu kila mtu chake, na kipande kikibaki kama punje ya hindi unakirudisha.

Na watoto walinicheka aisee. Mzungu akipita wanamkimbilia na "how are you" zao, mi hamna aliyehangaika, ila nilipofungua mdomo nikasema "naomba daftari lako" darasa zima likaanguka. Eti ticha anaomba kila kitu! Ikawa jina langu, Ticha Naomba.

Lakini sikilizeni hii. Siku ya kwanza kijana wa kampuni alinipa faili la masomo, ukurasa wa kwanza sehemu za mwili. Nikachora mtu ubaoni, sijamaliza hata mguu, kabinti ka mbele kananiambia, "Ticha, hiyo tunajua. Kila mgeni hutufunza hiyo." Nikadhani utani, nikamuuliza Madam wakati wa mapumziko. Akafungua daftari la wageni, mwaka ule peke yake mimi nilikuwa wa tisa, wengine wiki mbili, wengine tatu, kila mmoja anaanza upya faili lilelile kwa sababu hamna anayemwandikia anayefuata kaishia wapi. Wale watoto wanajua goti na kiwiko kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, wanayaimba kabisa, ila kugawanya 12 kwa 3 nusu ya darasa walikuwa hawawezi. Nikalitupa faili, wiki tatu na nusu tukafanya kugawanya kwa vizibo vya soda.

Hela nayo nikamuuliza Madam siku ya mwisho, akasema kwa kila mgeni shule inapata Ksh 5,000. Kama dola 39 hivi! Mwalimu wa Grade 3, dada wa palepale Kibera aliyekuwa anasogea pembeni kila mgeni akija, alikuwa analipwa 7,000 kwa mwezi na mara nyingi inachelewa. Dola 520 zangu ni mshahara wake wa zaidi ya miezi tisa. Nilipiga hiyo hesabu kwenye basi narudi, nikakosa usingizi mpaka Arusha.

Kampuni nawapa nyota mbili, zote mbili ni za bibi. Kama bado unataka kwenda, nenda muhula mzima, umsaidie mwalimu aliyepo badala ya kukaa kwenye nafasi yake, na kabla hujatuma hata senti waulize kwa maandishi shule inapata ngapi. Wakizungukazunguka acha.

Juzi wamenitumia ofa, nikirudi napunguziwa asilimia 15, nikiongeza kidogo napelekwa mpaka mbuga ya Maasai Mara. Nikampigia Madam kumsalimia, nikauliza Grade 3 wanaendeleaje. Akasema wamepata mgeni mpya, kijana mzuri tu, ameanza na sehemu za mwili.