Betri ya Boda Imekufa: Uifufue, au Ununue Ipi?

Saa kumi na moja alfajiri, stejini hapa Busia upande wa Uganda, sauti hiyo haikosi: dereva anabonyeza stata, inalia "tik", basi. Anapiga kiki, pikipiki inawaka, anaondoka na abiria huku honi ikiwa bubu na indiketa zikikonyeza kivivu. Jioni anapitia dukani, anatoa pesa, anafungiwa betri mpya. Miezi mitatu baadaye yuko palepale kaunta, anagombana na mwenye duka.

Dereva huyo nilikuwa mimi. Nilimaliza betri mbili ndani ya msimu mmoja wa mvua, na zote nikaapa kwamba ni feki. Nilipoichomoa ya pili, nikakuta rangi ya chasisi chini yake imebabuka hadi chuma, na boksi linanuka mayai viza. Betri ilikuwa inachemshwa. Reketifaya, kile kifaa kinachogeuza na kudhibiti umeme wa injini kabla haujafika kwenye betri, ilikuwa imeharibika, inapitisha volti 16, na mimi kazi yangu ilikuwa kuiletea betri nyingine iunguze.

Ndiyo maana cha kwanza ninachokuambia ununue si betri, ni mita ya kupimia umeme, ile ndogo wanayotembea nayo mafundi wa redio. Pikipiki ikiwa imelala usiku kucha, betri nzima itasoma kati ya volti 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.4 imebaki na kama robo tatu. Chini ya 12, imeisha. Ikigoma kupita 10.5 hata baada ya kuchajiwa, seli moja kati ya sita zilizomo imekufa, hiyo usiihangaikie. Halafu washa injini, vuta mafuta hadi ivume, pima tena: 13.8 hadi 14.5 ndiyo afya. Ikibaki 12 na kitu, chaji haifiki, tafuta kosa kwenye koili (inayozalisha umeme ndani ya injini), reketifaya au waya. Ikivuka 15, reketifaya inakuunguzia. Mpaka hapo parekebishwe, usinunue chochote.

Ukiwa hapo hapo, tazama fyuzi, na tazama vichwa vya betri. Ule unga mweupe au wa kijani huweza kuzuia umeme. Fungua waya wa hasi kwanza, osha kwa maji moto yenye magadi kidogo, kausha, kaza, paka grisi. Kuna siku "betri iliyokufa" hufufuka kwa dakika kumi za kazi hiyo.

Kama ni kuchaji, jiulize ilikufaje. Ulisahau ufunguo usiku mmoja? Itarudi. Imekaa miezi bila umeme kwa sababu unatumia kiki tu? Bamba zake zimeota fuwele za salfeti, na mara nyingi hiyo hairudi. Chaji taratibu, sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: betri ya ampea-saa 5 (imeandikwa 5Ah) ipewe nusu ampea, ya 7 ipewe 0.7. Wachaji wengi wa mitaani wana chaja za magari na malori. Ukiwaachia betri ya boda watairudisha ya moto, imevimba tumbo. Mimi natumia paneli ya sola ya wati 10. Kwa jua zuri inatoa kama nusu ampea, kipimo chenyewe, na betri iliyoisha huijaza kwa siku mbili hivi. Weka kidhibiti chaji katikati ya paneli na betri, usiwe mvivu.

Na tafadhali, usikubali mtu aongeze asidi kwenye betri chovu. Itaamka siku chache kisha bamba ziliwe. Kinachopungua ndani ni maji, kwa hiyo kinachoongezwa ni maji ya betri yaliyosafishwa, yasiyo na asidi, hadi mstari wa juu, basi.

Sasa tuseme imekufa kweli. Mimi nazipanga hivi.

Juu kabisa naweka betri kavu, ile iliyofungwa isiyoongezwa maji. Ni ghali kuliko ya maji, lakini dereva anayezunguka kutwa kwenye mashimo ya huku hana muda wa kufungua boksi kila wiki mbili. Haimwagi asidi pikipiki ikianguka na inavumilia mtikisiko. Adui yake mkubwa ni reketifaya mbovu, kwa kuwa maji ikishayapoteza huwezi kuyarudisha.

Ya pili ni betri ya maji. Kwa mtu mwangalifu inaweza hata kupanda kuwa ya kwanza. Lakini isimamie inapoandaliwa. Dukani wanamimina asidi na kukukabidhi ndani ya dakika tano. Mwambie aiache ipumzike nusu saa, kisha ichajiwe taratibu kabla ya kufungwa. Ukiruka hatua hiyo, unaanza na betri isiyowahi kujaa. Tena kuna kifuniko kidogo, mara nyingi chekundu, kwenye tundu la kupumulia. Kitolewe, mpira wa hewa uchomekwe na uelekezwe chini, mbali na cheni. Kikisahaulika, gesi inakosa njia na betri inaweza kupasuka.

Ya tatu, ambayo mafundi hawapendi niitaje, ni betri ya volti 12, ampea-saa 7, ya king'ora au ya UPS, kile kifaa kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika. Ikiwa pikipiki yako ni ya kiki tu na unachotaka ni taa, honi na kuchaji simu, inasaidia, mradi iingie kwenye boksi na ifungwe isicheze. Kwa stata usiijaribu. Haikutengenezwa kwa mkupuo ule.

Lithiamu naiweka ya nne. Ni nyepesi ajabu, ila bei yake kwa pikipiki ya kazi haina maana, na inataka mfumo wa chaji usio na kasoro. Ya mwisho ni iliyotumika au "iliyotengenezwa upya", yaani kasha limefunguliwa likabandikwa gundi. Siinunui hata kwa bei ya soda.

Ukilinganisha bei, gawanya kwa miezi. Mfano tu: ya 60,000 ikikaa mwaka ni 5,000 kwa mwezi, ya 100,000 ikikaa miaka miwili haifiki 4,200.

Nenda dukani na betri ya zamani mkononi. Linganisha namba iliyoandikwa ubavuni, vipimo vya kasha, na upande wa chanya. Kichwa cha chanya kikiwa upande usiofaa, waya mwekundu haufiki, na fundi mwenye haraka akigeuza nyaya, reketifaya inaweza kuondoka papo hapo. Zinyanyue mbili za ukubwa mmoja: madini ya risasi yaliyomo ndani ni mazito, na betri nyepesi kupita kiasi ina kasoro. Ile iliyofungwa kiwandani ipime kabla ya kulipa. Ikisoma chini ya 12.4, imezeeka rafuni. Mwenye duka akuandikie risiti, na tarehe aichore kwenye kasha lenyewe. Wengine huvuka kununua upande wa Kenya kwa sababu ya bei. Sawa, lakini garantii yako itabaki ng'ambo, nawe utapanga foleni ya mpaka ukiwa na betri iliyokufa kwapani.

Ile ya zamani usiiache bure. Ina risasi ndani, na mwenye duka anajua bei yake kwa kilo, kwa hiyo dai punguzo kabla hujatoa pochi. Nyumbani isikae, watoto watataka kuipasua.